Nyimbo zimebaki, na haki za watu nazo: Mashabiki na urithi wa Phil Spector



Tarehe 16 Januari 2021 alifariki dunia huko California, Marekani, mfungwa mzee wa miaka 81 aliyekuwa ameugua UVIKO-19. Jina lake kamili ni Harvey Phillip Spector, na ulimwengu wa muziki ulimjua kwa kifupi kama Phil Spector. Alikuwa akitumikia kifungo cha miaka 19 hadi maisha kwa kosa la kumuua mwanamke aitwaye Lana Clarkson. Habari za kifo chake zilipotoka, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, liliandika katika kichwa cha habari kwamba aliyefariki ni mtayarishaji wa muziki mwenye kipaji lakini mwenye kasoro. Watu wengi walikereka. Kasoro? Kuiua nafsi ya mtu kunawekwa fungu moja na tabia ya kuchelewa kazini au kupenda kujisifu? Shirika hilo lilikibadilisha kichwa hicho na kuomba radhi.

Lakini neno lile lilikuwa limekwisha kutoboa siri. Kwa zaidi ya miaka 40 hivyo ndivyo alivyokuwa akisimuliwa mtu huyu: kipaji kwanza, kisha "lakini", kisha jambo dogo linalofuata baada ya "lakini". Na waliomsimulia hivyo hawakuwa maadui wa haki. Walikuwa ni wapenzi wa nyimbo zake, watu wenye wake na watoto wao, ambao hadi leo wanajiuliza wafanye nini na nyimbo walizozipenda tangu ujana.

Huenda mzazi akauliza: sisi na mtu huyu wapi na wapi? Hukumu ya muziki wenyewe siyo maudhui yetu leo. Wanazuoni wamekwisha kuizungumza kwa mapana, na kila nyumba inaujua msimamo wake. Tunalolitazama hapa ni jinsi watu wanavyoishi na sifa ya mtu aliyedhulumu. Hata hivyo, nyumba nyingi zisizofungulia muziki kabisa zimekwisha kuisikia kazi ya Spector bila ya kujua. Wimbo wa Be My Baby, alioutayarisha mwaka 1963, ndio unaofungua filamu ya Mean Streets ya mwaka 1973 na ile ya Dirty Dancing ya mwaka 1987, na filamu hizo zimeonyeshwa katika televisheni za dunia nzima.

Spector alizaliwa tarehe 26 Desemba 1939 katika mtaa wa Bronx, New York. Baba yake alijiua mwaka 1949, mtoto akiwa bado hajatimiza miaka 10. Familia ikahamia Los Angeles, na kijana yule akajifunza gitaa. Mwaka 1958 alitunga wimbo uliotokana na maneno yaliyochongwa katika jiwe la kaburi la baba yake, akaurekodi na wenzake waliojiita The Teddy Bears, nao ukashika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Alikuwa na miaka 18. Mwaka 1961 akaanzisha kampuni ya santuri pamoja na Lester Sill, wakaiita Philles, yaani Phil na Les. Haukupita muda mrefu Sill akaondolewa katika ushirika huo, likabaki jina tu.

Yafaa tueleze kipaji chenyewe kilikuwa nini, kwani asiyekielewa hawezi kuuelewa mtihani wa mashabiki. Studio aliyoipenda iliitwa Gold Star, mjini Los Angeles. Chumba chake hakikuwa kikubwa, na dari yake ilikuwa ya chini. Humo Spector aliwarundika wapigaji ambao wangetosha bendi mbili au tatu: magitaa kadhaa yakipiga noti zile zile, piano mbili au tatu, magitaa ya besi, ngoma, matari, njuga, tarumbeta na saksafoni. Wote walipiga kwa pamoja, wakirudia kipande kimoja saa baada ya saa hadi vidole vikachoka. Kisha sauti ile ilipelekwa kwa waya mpaka katika chumba kitupu chenye kuta za saruji, ikatolewa kwa spika, ikajigonga huku na huku, ikanaswa na maikrofoni ikiwa imebeba mwangwi, na kuchanganywa na ile ya awali. Aliyewahi kuketi karibu na kikundi kikubwa cha taarab, fidla zote zikivuta kwa pamoja, anaweza kukisia uzito wake. Ila katika taarab fundi wa kanuni hupewa nafasi yake asikike. Kwa Spector shabaha ilikuwa kinyume: kila chombo kipotee ndani ya chombo kingine, hata msikilizaji asiweze kusema hii ni piano na hili ni gitaa. Wakauita Ukuta wa Sauti.

Brian Wilson wa kikundi cha Beach Boys, aliyefariki mwaka 2025, alisimulia mara nyingi kwamba alipousikia wimbo wa Be My Baby redioni kwa mara ya kwanza ilimbidi asimamishe gari pembeni ya barabara. Aliusikiliza tena na tena kwa muda wote uliobaki wa maisha yake. Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza mwaka 2006 katika orodha ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Basi tusimdhanie shabiki wa Spector kuwa ni mtu mjinga aliyedanganyika. Alichokisikia kilikuwepo kweli.

Tatizo linaanzia hapo hapo kwenye ukuta, kwa kuwa ukuta haujengwi na mtu mmoja. Ngoma zilipigwa na Hal Blaine. Mpangilio wa vyombo uliandikwa na Jack Nitzsche. Mitambo iliendeshwa na Larry Levine. Wimbo wa Be My Baby Spector aliutunga pamoja na Ellie Greenwich na Jeff Barry. Na sauti, ile iliyomfanya Wilson asimamishe gari, ilikuwa ya msichana kutoka Harlem, Veronica Bennett, aliyejulikana baadaye kwa jina la Ronnie Spector. Kama vile piano ilivyopotea ndani ya gitaa, ndivyo watu hawa nao walivyopotea ndani ya jina moja.

Wengine walipotezwa kwa makusudi. Mwaka 1962 Spector alitaka kuutoa wimbo wa He's a Rebel kwa haraka kabla ya mtu mwingine kumtangulia. Kikundi chake cha The Crystals kilikuwa mbali, upande wa pili wa nchi. Akawachukua waimbaji wengine waliokuwa karibu, kikundi cha The Blossoms, kiongozi wao akiwa Darlene Love, akawarekodi, kisha akaitoa sahani kwa jina la The Crystals. Wimbo ukashika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Fikiria hali ya Crystals wenyewe, kupongezwa kwa wimbo ambao hawakuuimba. Na ufikirie hali ya Darlene Love, kuisikia sauti yake ikisifiwa kwa jina la watu wengine. Katika miaka ya 1980 mama huyu alikuwa akifanya kazi ya kusafisha nyumba za watu. Amesimulia kwamba siku moja, akiwa anasafisha bafu la mwenye nyumba, aliisikia redio ikipiga wimbo alioimba yeye mwenyewe kwa ajili ya Spector mwaka 1963.

Ama kuhusu Ronnie na wenzake wawili, dada yake Estelle na binamu yao Nedra Talley, waliounda kikundi cha The Ronettes, habari yao imo katika kumbukumbu za mahakama. Walitia saini mkataba na Philles mwaka 1963. Walipewa malipo ya awali ya takriban dola 15,000 kwa wote watatu, na baada ya hapo hawakupata mrabaha. Nyimbo zao zikauzwa miaka nenda miaka rudi, zikaingizwa katika filamu na matangazo ya biashara. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakafungua kesi. Ilichukua zaidi ya muongo mmoja. Mwezi Oktoba 2002 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ilitoa uamuzi wake: kwa mujibu wa mkataba ule sauti zilizorekodiwa ni mali ya kampuni, hivyo fedha za filamu na matangazo si zao, lakini mrabaha wa sahani zilizouzwa ni haki yao, nao walipwe. Walishinda nusu ya kesi, baada ya karibu miaka 40 ya kusubiri.

Ronnie alikuwa na kesi nyingine isiyofika kwa hakimu kwa muda mrefu, nayo ni ndoa yake. Waliooana mwaka 1968. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1990 aliandika kwamba mumewe alimfungia ndani ya jumba lao, akamficha viatu ili asitoke, na akamwonyesha jeneza lenye kifuniko cha kioo alilosema atamweka humo iwapo atathubutu kumwacha. Mwaka 1972 alitoka nyumba ile akiwa peku, akisaidiwa na mama yake mzazi. Katika miaka yote ya ndoa alikuwa karibu haimbi kabisa. Sauti ambayo dunia ilisimamisha magari kuisikiliza, aliyeitangaza ndiye aliyeizima.

Sasa tuje kwenye bastola, na hapa ndipo ninapoona mashabiki, pamoja na waandishi wa habari, wana la kujibu. Mwaka 1973, akiwa studioni na John Lennon, Spector alifyatua risasi ikaingia darini. Mwaka 1977, wakati wa kurekodi na mwimbaji Leonard Cohen wa Kanada, alimkumbatia begani huku akimwekea bastola shingoni, akamwambia kuwa anampenda. Mmoja wa wanamuziki wa kikundi cha Ramones naye alisema walielekezewa bastola walipokuwa wakirekodi naye, ingawa mwenzake katika kikundi hicho hicho alikanusha. Visa hivi havikuwa vya siri. Vilichapishwa magazetini na vitabuni kwa miaka 30, aghalabu kwa kicheko, kama vituko vya fundi mwenye wazimu wake. Mwaka 1989 akaingizwa katika Jumba la Heshima la muziki wa rock huku visa hivyo vikijulikana. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu; hapa mawingu yalisimuliwa kama mapambo ya anga.

Na tazama ni nani waliokuwa wakisimulia. Cohen na Lennon walikuwa wanaume mashuhuri. Walitoka salama, wakabaki na kisa cha kuchekesha marafiki. Wanawake hawakuwa na wa kumsimulia. Ni baadaye tu, ndani ya mahakama, ndipo walipojitokeza wanawake kadhaa, mmoja baada ya mwingine, wakieleza kwamba kwa nyakati tofauti Spector aliwaelekezea bastola, na mara nyingi ilikuwa pale walipotaka kuondoka kurudi makwao. Visa vyao vilifanana mno. Lau kimoja kati yake kingesikilizwa kwa uzito ule ule uliopewa kisa cha Cohen, pengine habari hii ingekuwa na mwisho mwingine.

Na haya si ya Marekani peke yake. Katika jamii zetu pia yupo mtu anayekingwa kwa ajili ya sauti yake, elimu yake au mfuko wake, na mkewe anapokwenda kushitaki kwa wazee huambiwa, "Mwanangu, vumilia, watu wakubwa ndivyo walivyo."

Lana Clarkson alizaliwa mwaka 1962. Alikuwa mwigizaji, na mwaka 1985 alikuwa mhusika mkuu wa filamu ya Barbarian Queen. Mapema mwaka 2003, akiwa na miaka 40 na kazi za uigizaji zimepungua, alichukua kazi ya kupokea wageni katika ukumbi wa House of Blues huko West Hollywood. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Februari mgeni mmoja aliyempokea alikuwa Phil Spector. Alipomaliza zamu, alikubali kwenda naye katika jumba lake lililojengwa mfano wa ngome, katika mji wa Alhambra. Alfajiri dereva aliyekuwa akisubiri nje alisikia mlio. Spector akatoka na bastola mkononi, akamwambia kuwa anadhani ameua mtu. Mwanamke yule alikutwa amekaa kitini karibu na mlango wa nyumba, amekufa kwa risasi iliyopigwa mdomoni. Ilikuwa haijatimia miezi minne tangu uamuzi ule wa mahakama ya New York.

Kwa miaka sita Spector alibaki nje kwa dhamana ya dola milioni 1. Kesi ya kwanza, ya mwaka 2007, ilionyeshwa katika televisheni. Mawakili wake walidai kuwa marehemu alijipiga risasi mwenyewe, na ili kulithibitisha hilo wakamchambua mbele ya dunia: umri wake, deni lake, filamu zake zisizo na hadhi, huzuni alizowahi kuwaandikia rafiki zake. Katika magazeti mengi aliitwa mwigizaji wa daraja la pili, na Spector akaitwa gwiji. Kana kwamba mizani ya mahakama inapima umaarufu wa aliyeua na aliyeuawa! Wananchi 12, ambao kwa sheria za huko ndio wanaoamua kama mshitakiwa ana hatia, waligawanyika: 10 walisema ana hatia, wawili wakakataa, na kesi ikaanza upya. Tarehe 13 Aprili 2009 alitiwa hatiani, na tarehe 29 Mei mwaka huo huo akahukumiwa.

Wapo wanaomtetea kwa wema wake, na katika wema huo lipo jambo moja linalotugusa sisi Waislamu. Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyoizaa Bangladesh, mamilioni ya wakimbizi walivuka mpaka kuingia India, na njaa na kipindupindu vikawakumba. Mwanamuziki wa Kihindi Ravi Shankar alimwomba rafiki yake George Harrison wa Beatles awasaidie. Tarehe 1 Agosti mwaka huo zikafanyika tamasha mbili kwa siku moja katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mbele ya watu wapatao 40,000. Watayarishaji wa santuri iliyotokana nazo walikuwa wawili: Harrison na Phil Spector. Fedha za kiingilio, zaidi ya dola 240,000, zilipitia UNICEF kuwafikia watoto wale, na santuri ikaleta nyingi zaidi, ingawa sehemu kubwa ilikwama kwa miaka kadhaa katika mvutano wa kodi. Kazi ile ilikuwa njema, na aliyekula chakula kile hakula haramu. Lakini haki ya Lana Clarkson haimo ndani yake. Mwenye deni kwa Zaidi hawezi kulilipa kwa kumpa sadaka Amri, na hakuna mtu katika ukurasa huu anayehitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Basi mashabiki wamefanya nini? Wapo walioziondoa sahani zake nyumbani, wakisema kila wakizisikia wanamwona mwanamke yule kitini. Sina la kuwalaumu. Wapo wanaosema mahakama ilimhukumu mtu, haikuhukumu wimbo, na kila mwezi wa Desemba redio za huko huendelea kuipiga santuri yake ya Krismasi, ile iliyotoka tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Rais Kennedy. Hoja yao ina uzito kuliko inavyoonekana, kwani anayezisusia nyimbo zile anamsusia nani? Mrabaha ambao Ronnie na wenzake waliupigania hadi mwaka 2002 unatokana na sahani hizo hizo. Darlene Love naye alishinda kesi ya mrabaha dhidi ya Spector katika miaka ya 1990.

Nisiowaelewa ni kundi la tatu, wanaosema kwamba wazimu ule ndio uliozaa kipaji, na kwamba asingekuwa katili asingekuwa fundi. Hili halina ushahidi. Hal Blaine alipiga ngoma katika chumba kile kile na hakumwelekezea mtu bastola. Nyimbo nyingi bora za Spector zilitoka kati ya mwaka 1962 na 1966. Bastola zilipozidi kuzoeleka studioni, kazi yake ilikuwa imekwisha kupungua. Anayesema hivyo anampa muuaji udhuru ambao hata mawakili wake wa bei kubwa hawakuuleta mahakamani.

Ronnie mwenyewe, Spector alipofariki, hakumkana kipaji chake wala hakumfichia maovu. Alisema kuwa alikuwa fundi wa hali ya juu katika studio na mume mbaya nje yake, na kwamba yeye bado hutabasamu anapousikia muziki waliouunda pamoja. Alisema "waliouunda pamoja". Alifariki tarehe 12 Januari 2022, mwaka mmoja kasoro siku nne baada ya Spector, na safari hii vichwa vya habari vilianza na jina lake yeye.

Darlene Love alirudi katika uimbaji. Kuanzia mwaka 1986 hadi 2014 alialikwa karibu kila Desemba katika kipindi cha televisheni cha David Letterman kuuimba wimbo ule ule alioukuta redioni akiwa anasafisha bafu, na mwaka 2011 aliingizwa katika Jumba la Heshima, miaka 22 baada ya Spector. Sahani ya He's a Rebel ya mwaka 1962 bado hupatikana kwa wauzaji wa santuri kuukuu. Katikati yake, kwenye karatasi ya duara, limeandikwa jina la kampuni, jina la The Crystals na jina la Phil Spector. La Darlene Love halimo.